Koti Lenye Sura Yangu

Nilisukuma mlango wa stoo ya kiwanda... nikamkuta mke wangu!

Zainab. Mama Matar wangu. Amekaa juu ya boksi, mkasi mkononi, anakata lebo za makoti.

Ndugu zangu, huyu mwanamke alikuwa ananiaga kwamba anakwenda kufanya kea, kazi ya kutunza wazee, kumwogesha bibi mmoja wa Kizungu. Kila Jumanne na Jumatano. Miezi mitano!

"Zainab?"

Mkasi ukamponyoka.

"Baba Matar... usipige kelele."

Nikaokota koti moja. Lebo yake ina jina la nchi ya mbali huko. Nikaokota la rundo la pili, yale aliyokwisha kuyamaliza. Lebo mpya: Made in London. Na mfukoni mna kadi, picha yangu mimi natabasamu: "Limeshonwa na Mwadini, Tottenham."

Sijalishona! Wallahi sijaligusa!

Ngojeni niwaeleze nilifikaje pale.

Mimi ni fundi wa makoti, mtu wa Wete, Pemba. Miaka kumi na tisa nimeshona kwenye kiwanda cha Bwana Kanti, Tottenham, hapa London. Kanti ni Mhindi wa Unguja, wazee wake walihama baada ya Mapinduzi, na Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Zamani tulikuwa mafundi arobaini. Tukapungua mpaka tukabaki sita. Halafu sisi sita tukakatwa siku, tukawa tunafanya kazi Alhamisi na Ijumaa tu.

"Oda hakuna, Mwadini," aliniambia. "Nchi hii haitaki tena kutengeneza kitu."

Nikamwamini. Tena nikamhurumia!

Sasa Jumamosi moja niko Edgware Road, mtaa wa Waarabu, nakunywa kahawa yangu. Akaja mama mmoja, mgeni kutoka Maskati, Kiswahili cha kwetu kabisa.

"Wewe si Mwadini wa kwenye kadi?"

Kichwa kikanivimba. "Ndiye mimi, mama."

Akatoa koti alilokuwa akilirudisha dukani, akanitupia usoni! Mbele za watu!

"Nimelivaa mara mbili tu, mkono umeng'oka! Huoni haya?"

Nikageuza bitana niangalie. Jamani... gundi! Wameweka gundi pahala pa uzi! Jina langu limo humo ndani, limebandikwa juu ya uchafu ule.

Jumanne, siku yangu ya kukaa bure, nikaenda kiwandani bila kumwambia mtu. Ndipo nikamkuta Zainab.

"Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu walipokukata siku. Ulikuwa unakaa kutwa unatazama ukuta, huli, husemi. Kanti akaniita, akanipa kazi, akasema nisikwambie. Nifanyeje?"

"Ungeniambia!"

"Ungekubali?"

Nikauokota mkasi wake, nikauweka juu ya boksi.

Kanti akatokea nyuma yangu. Mnadhani aliona aibu? Wapi!

"Maboksi analeta mwenye maduka tunayemshonea, Mwadini, si mimi. Wateja wake wanataka koti la London kwa bei ya fulana. Nikikataa, nafunga. Wewe tabasamu tu. Na Alhamisi uvae vizuri, anakuja mbunge na watu wa tivii."

Nilimtazama yule mtu aliyenifundisha kushona mfuko wa ndani... nikalitupa koti chini, nikaondoka.

Alhamisi naingia kiwandani, sikuamini. Vyerehani ishirini! Vya kukodi! Nyuma yavyo wamekaa watu nisiowajua, mwengine hata kutia uzi hawezi. Zainab naye kakalishwa kwenye cherehani cha mwisho. Nikaambiwa nishone kidogo, nicheke na kamera. Nikashona. Nikacheka.

Mbunge akaingia, suti inang'aa, akanishika bega.

"Huu ndio mustakabali wa viwanda vya Uingereza!" akaiambia kamera.

Nikasimama. Kiingereza changu huwa kinapotea nikiwa na hasira, lakini siku ile kilitiririka.

"Mheshimiwa, koti hili nimelishona mimi. Vuta mkono wake."

Akavuta, anacheka. Mkono haukutikisika.

"Na hili limekuja kwenye boksi. Vuta."

Akavuta... ukabaki mkononi mwake!

Kanti kawa mweupe kama chaki.

Mara Zainab akainuka. Nikajua anakuja kunizuia. Akanipita! Akaufungua mlango wa stoo wote.

"Mengine haya hapa! Lebo nimekata mwenyewe, kwa mikono hii! Njooni mpige picha!"

Tukafukuzwa kazi sote wawili palepale. Tukapanda basi tunacheka kama watoto. Nikawapigia watu mpaka Pemba: tazameni habari za jioni, leo wamekwisha!

Saa kumi na mbili tukakaa mbele ya tivii.

Ikaanza na mikono yangu inashona. Kisha sura yangu, nacheka. Kisha mbunge na mustakabali wake. Halafu akaonekana anavuta mkono wa koti... lile la kwanza! Langu! Lisilong'oka!

"Tazameni uimara wa kazi ya London," akasema mtangazaji.

Basi. Wakahamia mpira.

Koti la pili halikuonekana. Stoo haikuonekana. Zainab hakuonekana. Wiki ile ile makoti ya gundi yakaisha madukani! Nikaandika barua kwa watu wa maduka waitoe picha yangu. Wakanijibu kwamba niliweka saini mwenyewe, zamani, wakati makoti yalikuwa ya kweli. Kweli niliweka. Sikuisoma.

Siku hizi mimi na Zainab tuna kibanda sokoni Tottenham, tunatengeneza nguo zilizochanika. Mnaniuliza kama nimemsamehe. Nimemsamehe, maana siku ya siku alisimama. Wale wengine, Kanti na mbunge wake, nikiwaona kwenye tivii wanalia kwamba viwanda vimekufa, nazima.

Nawe ndugu yangu, kesho bosi akikwambia kazi imekwisha, usimhurumie kama nilivyomhurumia mimi.

Mwulize: sasa anaifanya nani?