Mkunga Aliyemfungia Mlango Binti Yake

"Mayu, fungua! Uchungu umeanza!"

Rozalia alipiga mlango kwa kiganja, mkono wa pili umeshika tumbo. Jua la mchana lilikuwa linachoma uwanja mzima. Na mle ndani, jamani, alimsikia kabisa mama yake akipumua nyuma ya mlango!

"Mayu! Ni mimi!"

"Najua ni wewe. Hapa huzalii. Nenda hospitali."

Rozalia alidhani amesikia vibaya...

"Unasemaje?"

"Nimesema nenda! Budeba ameshafunga ng'ombe. Hapa kwangu huingii!"

Akageuka. Ni kweli! Jirani yao Budeba alikuwa amesimama kando ya mkokoteni, nyasi zimetandikwa juu yake, na bunda la kanga za Rozalia limeshapakiwa.

Yaani mama yake alikuwa amepanga yote haya, hajamwambia kitu...

Ngoja niwaambie huyo mama alikuwa nani, ndipo mtaelewa kwa nini Rozalia alikaa chini palepale kwenye vumbi akalia.

Mwaka ni 1976, bonde la Usangu, si mbali na Ubaruku. Leokadia alikuwa mjane wa Kisukuma aliyehamia huko na mumewe, wakiswaga ng'ombe kutoka Shinyanga. Na alikuwa mkunga. Si mkunga wa kubahatisha! Wasangu walimwita, Wahehe walimwita, Wabena walimwita. Mwanamke akishikwa na uchungu, mtu anatumwa mbio kwa Leokadia.

Rozalia, binti yake wa pekee, aliolewa Mbeya mjini na seremala mmoja anaitwa Danieli. Mimba ilipokuwa bado changa alimsindikiza jirani yake kujifungua hospitali. Akawaona wanawake wamelazwa chali kama mizigo, ukilia unafokewa.

Aliporudi akamwambia mumewe:

"Mimi nitazalia kwa mama. Sitaki kulazwa chali, sitaki sindano, sitaki kisu."

"Na mambo yakiharibika?"

"Mikononi mwa mama? Hayajawahi."

Basi tumbo lilipokuwa kubwa Rozalia akapanda basi, akarudi kwa mama yake. Na hapo ndipo yalipoanza maandalizi ambayo, aisee, Rozalia aliyakumbuka maisha yake yote.

Alfajiri mama yake anamwamsha, wanatembea mpaka mferejini na kurudi. Mchana anamchuchumaza uwanjani, mgongo umeegemea ukuta.

"Shuka polepole. Magoti yafungue. Hivyo hivyo."

"Mayu, nachoka!"

"Siku yenyewe utachoka zaidi. Pumua kama unapuliza moto wa kuni mbichi. Taratibu, usiuzime."

Alimfundisha kutopigana na uchungu. "Ukija, usikaze mwili. Legea, uache upite. Ukipita, pumzika, usiuwaze unaofuata."

Walikandika upya sakafu ya chumba cha nyuma. Wakachemsha kanga kuukuu, wakazianika juani. Wakanunua wembe mpya na uzi. Wakafunga kamba kwenye boriti ya kushikilia wakati wa kusukuma.

Jioni mama mdogo Shija, mdogo wake Leokadia, alimkanda Rozalia mgongo kwa mafuta ya ng'ombe, huku Leokadia amekaa kwenye kigoda anaelekeza. Shija ndiye aliyekuwa akijifunza ukunga.

Rozalia hakuwa na hofu hata chembe. Chumba kilikuwa tayari. Mwili ulikuwa tayari. Mama alikuwepo.

Halafu siku imefika, anarudi kutoka mferejini na uchungu... mlango umefungwa!

"Nimekukosea nini?" aliuliza huku analia.

Nyuma ya mlango Leokadia akasema maneno ambayo hata Budeba aliinamisha kichwa kuyasikia.

"Sitaki damu yako nyumbani kwangu. Ondoka!"

Jamani... mama mzazi!

Shija akatoka kando ya mkokoteni, akamwinua, akampandisha. Ng'ombe wakaanza kutembea. Rozalia alitazama nyuma mpaka nyumba ikapotea kwenye mashamba ya mpunga. Mlango haukufunguliwa.

Barabarani wakapata lori la mpunga, likawafikisha hospitali ya misheni. Uchungu ulikuwa umekolea. Nesi aliyewapokea aliitwa Mwanakhamisi, mama mtu mzima, mtu wa pwani.

"Panda kitandani mwanangu, lala."

"Silali! Mimi nachuchumaa!"

"Nani kakufundisha?"

Rozalia alitaka kusema "mama". Badala yake akageukia ukutani.

Mwanakhamisi akampima tumbo, akasikiliza mapigo ya mtoto kwa kile kipembe chake. Akamtazama usoni.

"Mtoto kakaa vizuri. Haya, chuchumaa. Ila nikikuona unakwenda vibaya nakupandisha kitandani, na hutabisha. Tumeelewana?"

"Ndiyo, mama."

Akatandika shuka safi sakafuni. Shija akakaa nyuma, akamwegemeza kifuani. Rozalia akapuliza moto wake wa kuni mbichi, taratibu, bila kuuzima. Uchungu ulipokuja aliulegezea. Ulipopita alipumzika.

Jua halijazama, mtoto wa kike akalia.

Bila kisu. Bila sindano. Vilevile alivyotaka... isipokuwa mtu mmoja tu hakuwepo.

Danieli alipofika kuwachukua alimpakata mtoto, akasema, "Tumwite Leokadia."

"Usilitaje jina hilo mbele yangu!"

Wakamwita Roza, jina la mama yake Danieli.

Wakarudi Mbeya. Miezi ikapita. Leokadia hakuja, hakutuma salamu. Rozalia akaapa mama yake hatamwona mtoto yule mpaka anaingia kaburini. Watu wakimuuliza habari za mama, anajibu, "Mzima," anabadilisha mazungumzo. Lakini akiwa peke yake ananyonyesha, machozi yanamdondokea mtoto kichwani.

Mtoto alipoanza kukaa, Shija akatokea mlangoni na kikapu cha mchele. Alikuwa amekonda.

"Amekutuma?" Rozalia akauliza, hata karibu hajasema.

"Hajanituma. Alinikataza kabisa nisije."

"Basi rudi na mchele wako."

"Rozalia, mama yako ana ukoma."

Rozalia alikaa chini.

Shija akaeleza yote. Ulianza kama baka jeupe mgongoni, haliumi, haliwashi. Leokadia akapuuza. Kisha vidole vikaanza kufa ganzi. Akaficha! Aliogopa watu watamkimbia, kwamba hakuna atakayemwita tena kwenye uzazi. Ndiyo maana akaanza kumfundisha Shija, awe mikono yake.

"Unakumbuka mtoto wa jirani, aliyefariki akizaliwa, wiki moja kabla hujajifungua?"

"Walisema ni mipango ya Mungu..."

"Mimi sikuwepo siku hiyo, alikwenda peke yake. Kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni. Mama yako alipitisha vidole kama kawaida, hakukisikia. Mpaka anakuja kukiona kwa macho, mtoto ameshakwenda."

Rozalia akaziba mdomo.

"Alikuja nyumbani hasemi. Akaniambia, 'Shija, mikono hii isimguse Rozalia. Na wewe hujakomaa bado, sikuachii mwanangu.' Nikamwambia basi mweleze ukweli. Akasema, 'Nikimweleza atakaa. Atasema mayu nakuamini. Namjua mwanangu. Akinichukia ataondoka.'"

Jamani wasomaji, hapo Rozalia alilia kilio ambacho majirani walidhani mtoto amekufa.

"Yuko wapi sasa?"

"Kambini kwa wagonjwa wa ukoma, upande wa Iringa. Alijipeleka mwenyewe, siku ileile aliyosikia umejifungua salama."

Kesho yake Rozalia alifunga mtoto mgongoni, akasafiri.

Alimkuta mama yake amekaa nje ya banda, amepungua, vidole vimejikunja. Leokadia alipomwona tu akainuka, akarudi nyuma.

"Usimlete karibu! Rozalia, simama hapo hapo!"

"Mayu..."

"Nimesema simama!"

Mganga wa kambi akaja. "Mama Leokadia, tumezungumza mara ngapi? Umetumia vidonge vizuri. Mtoto hutamwambukiza. Mpokee."

Ilichukua muda. Mwishowe Leokadia akakaa, akanyoosha mikono yake iliyopokea watoto wa bonde zima. Rozalia akamweka mtoto pale.

Leokadia akamtazama. Akamtazama sana.

"Ng'wanone..." alisema. "Mtoto wangu, namwona. Lakini simsikii. Mikono yangu haimsikii."

Rozalia akapiga magoti. Akamwinua mtoto taratibu, akaweka shavu lake kwenye shavu la bibi yake.

"Na hapa, mayu?"

Leokadia akafumba macho.

"Hapa namsikia. Ana joto... Rozalia, ana joto!"

Wakakaa hivyo, vizazi vitatu.

Leokadia hakurudi tena Usangu. Alizikwa kulekule, miezi michache baadaye, kwa homa ya mapafu. Kabla ya hapo Rozalia alikuwa amekwenda kila alipopata nauli, na kila mara shavu kwa shavu. Mama wa yule mtoto aliyefariki naye alikwenda mara moja. Walichozungumza hakuna anayekijua.

Ndugu zangu, ukiona baka lisilouma kwenye ngozi yako, usilifiche. Kapime, dawa ipo. Na wewe unayejiandaa kuzaa kwa njia ya kawaida, jiandae, tembea, chuchumaa, pumua. Ila uwe na mtu ambaye mikono yake inasikia, na njia ya kufika hospitali mambo yakigeuka.

Kuhusu kumchukia mtu aliyekufungia mlango... mimi sina la kuwaambia. Rozalia alichukia miezi mingi kuliko aliyobakiwa nayo kumpenda mama yake. Hilo lilimuuma hadi uzee.