Figa la Tatu

Lamba kidole, kigusishe chini, uape kwamba haya hayatoki kwako. Debora, aliyenisimulia, naye aliniapisha hivyohivyo, na kabla maji yangu ya kuoga hayajapoa nilishamwambia jirani. Basi sogea.

Kuna Werema wa Nyasura, hapo Bunda. Alianza na kiwanja kimoja alichouziwa na bibi mjane, Ghati. Bibi alimwomba neno moja tu: "Jenga utakavyo, mwanangu, ila mafiga yangu usiyang'oe. Hapo nakulaga na mwenzangu." Huyo mwenzake hakuna aliyewahi kumwona.

Bibi alipokufa, Werema aling'oa mafiga yote matatu. Moja akalizika kwenye msingi wa nyumba ya vyumba vya kupangisha, na nyumba ikajaa kabla rangi haijakauka. Mpangaji akihama asubuhi, jioni kitanda cha mwingine kimeshaingia. La pili akalipeleka Kabasa, nako vilevile. Watu wakasema ana mkono wa baraka. Hawakukumbuka kwamba katika kila nyumba mpya, mtoto mmoja wa mpangaji alikataa ziwa, akakauka kama dagaa, akazikwa.

Nyumba ya tatu aliijenga Musoma, juu ya figa la mwisho. Debora akahamia humo na mwanawe mchanga, Jastin. Mumewe alikuwa kwenye uvuvi, Murangi.

Jambo lilianza dogo. Mchana, wengi wakiwa sokoni, chumba cha Debora kilinuka ukoko.

"Mama Jastin, unatuunguzia ugali," alisema Ursula, muuza samaki wadogo, furu, wa chumba kinachotazamana na chake.

"Jiko langu la baridi, dada. Njoo uliguse."

Ursula akaligusa, akaondoa mkono polepole. "Basi aliyepika atualike," akasema, lakini hakucheka.

Kisha ikaja sauti: mwiko ukikwangua sufuria, ndani ya ukuta, kule chini kwenye kona. Jastin naye akaanza kugeuza uso kila alipopewa ziwa, na midomoni alikuwa na unga mweupe ambao Debora aliufuta kwa khanga, ukarudi, akaufuta tena, mpaka mchana mmoja akapiga magoti akaweka sikio ukutani, akasikia mtu anatafuna taratibu kama mzee asiye na meno, kisha kutafuna kukakoma na pumzi ya moto yenye harufu ya majivu ikamjia sikioni, ikanong'ona: "Bado hajaiva."

Debora akamwita mwenye nyumba. Werema alisikiliza, akatikisa kichwa. "Mwanga ni Ursula, binti yangu. Hana mtoto, anakuonea wivu. Leo namtoa mbele ya watu wote. Wewe mwache Jastin alale ndani, asije akapigwa jicho."

Adhuhuri wapangaji wakajaa uani. Ursula alisimama katikati na godoro lake.

"Mwanga wewe," alinong'ona mmoja.

"Jana ulikula furu wangu ukalamba vidole," Ursula akamjibu. "Leo ndiyo mwanga?"

Hapo ukoko ukanuka, mkali kuliko siku zote, na kule ndani mwiko ukaanza kukwangua haraka haraka, kama wa mpishi aliyechelewesha wageni.

Ursula akainua viganja vyake. "Mikono yangu hii hapa. Anayepika nani? Na baba mwenye nyumba yuko wapi?"

Wakatazamana. Werema hakuwepo.

Debora alikuwa wa kwanza mlangoni; wengine wakamsukuma kwa nyuma, na mlango ukafunguka wote. Werema alikuwa amepiga magoti kando ya mtoto, tonge la ugali likifuka moshi mkononi mwake, na chumba kizima hakina moto. Kidole chake kilikuwa kinywani mwa Jastin.

"Lazima mmoja ale naye, yule mwenzake Ghati," alisema kwa sauti ndogo. "Nisipompa mtoto wa mpangaji, atamchukua mjukuu wangu."

Debora akamnyakua mwanawe, akamgonga mgongoni. Mtoto akatema unga, akalia, akatafuta ziwa.

Mwiko ukanyamaza. Ukuta ukasema, taratibu: "Sasa kimeiva."

Werema akajaribu kulitupa lile tonge. Vidole vikagoma kufunguka. Mkono wake ukapanda wenyewe mpaka mdomoni, yeye akiuvuta chini kwa ule wa pili, akilia, na watu wote wamesimama mlangoni wanamwona. Akauma. Akameza. Tonge halikupungua.