Mstari Usio na Jina

Fundi Kasiani wa Lupaso alikuwa bingwa wa kompyuta, na kama unabisha, basi hujawahi kumpelekea mashine. Kuna sipiyu ilidondoka kutoka juu ya fuso, ikaangukiwa na magunia mawili ya korosho. Yeye akaifungua, akaipuliza, akaikemea kidogo, ikawaka. Masasi nzima inajua. Shule aliishia darasa la saba, lakini joto la mashine alilisoma kwa kiganja, na wenye vyeti vyao walimjia kwa mlango wa nyuma kumuuliza.

Kwa hiyo simu ya Newala ilipoingia, hakujiuliza mara mbili.

"Shemeji, ile mashine ya marehemu inazima," alisema Kibibi. "Kila siku. Ikifika magharibi, inajikata."

Kibibi, Mama Shamila, ni mjane wa Yunusi. Na Yunusi na Kasiani walijifunzia ufundi meza moja, bisibisi moja, kikombe kimoja cha chai. Msimu uliopita wa mabibo, Yunusi aliamka na kichwa kinauma. Adhuhuri akafa. Alasiri akazikwa. Kasiani alifika akakuta maiti imeshaoshwa, jeneza liko mlangoni, akaingiza bega upande wa miguu.

Lilikuwa jepesi. Jepesi mno kwa mwanaume aliyekula ugali kama Yunusi. Tena lilimdondoshea majimaji begani, shati lake jeupe likapata doa la kahawia. Esther, mkewe, alilifua mara tatu. "Baba Oliva, umekula mabibo na bega?" alimuuliza. Kasiani alicheka. Siku ile hakuwa ameonja bibo hata moja.

Hayo aliyasahau. Au alijiambia ameyasahau.

Alishuka Newala jua likizama, upepo wa mlimani unarusha vumbi, akina mama wamepanga ndoo barabarani wakisubiri gari la maji. Kiangazi kilikuwa kimekaza. Duka la Kibibi, la kuchapa na kutoa kopi, lilikuwa wazi, na mwenyewe amekaa mlangoni kwa utulivu wa mtu asiyehitaji maji.

"Shikamoo, Baba Oliva. Umenenepa, shemeji."

"Marahaba. Hili ni vumbi la Masasi, nikioga nabaki nusu."

"Basi hapa utaondoka mzima. Maji ya kuogea hakuna."

Wakacheka. Kibibi akafungua daftari la wageni. Akaandika jina la Kasiani, kisha akauliza, bila kuinua macho, "Na mama?"

"Mama yangu wa nini?"

"Siku hizi wanataka tuandike."

Nani wanataka? Lakini watu wa huku wanahesabu ukoo kwa mama, na swali lenyewe si geni. Kasiani akataja. Claudia Alfredi, wa Lupaso. Kibibi akaandika taratibu, kwa herufi kubwa.

Ndani kulikuwa na meza, printa, sipiyu ya Yunusi, na rundo la kazi zilizokamilika. Mitihani ya shule. Barua. Mihtasari ya vikao. Kasiani anamjua shemeji yake. Huyu alikuwa akichapa kwa kidole kimoja, akitafuta herufi kama anatafuta sindano mchangani.

"Nani anakuchapia zote hizi?"

"Zinachapwa tu."

Kasiani aliokota karatasi moja. Kila aya ilianza mbali na ukingo. Akahesabu kwa jicho. Nafasi saba. Dunia nzima alimjua mtu mmoja tu aliyegonga nafasi saba kuanza aya, na alimcheka miaka ishirini kwa hilo.

Aliirudisha karatasi polepole.

Chini ya meza kulikuwa na mkeka, na chini ya mkeka alijua kuna mfuniko wa zege. Nyumba nyingi za Newala zina kisima cha namna hiyo, cha kuvunia maji ya mvua ya paa. Kiangazi kila mtu anakifungua chake kila saa, anachungulia kimebaki kiasi gani. Hiki kilikuwa kimefunikwa mkeka, juu ya mkeka meza, juu ya meza mashine.

"Kisima vipi?"

"Kikavu."

"Kikavu, halafu umekibebesha meza?"

"Watoto wasitumbukie."

"Shamila si yuko bweni?"

Kibibi alijifunga upya khanga yake, ingawa haikuwa imelegea. "Fundi, umekuja kutengeneza kompyuta au kisima? Ukifungua sipiyu, ndani utakuta kitu changu. Usikitoe." Akaingia chumba cha nyuma. Adhana ilikuwa inaanza.

Kasiani akawasha mashine. Akafungua ile programu ya kupima, inayosoma joto na mwendo wa feni kutoka vipimo vidogo vilivyomo ndani. Kila kifaa na mstari wake, jina upande huu, namba upande ule. Prosesa: 71. Halafu 80. Halafu 88. Kumbe ni joto tu. Prosesa ikifika 95, mashine inajizima yenyewe isiungue. Jambo la robo saa.

Mstari wa mwisho haukuwa na jina.

Joto: 37. Feni: 72.

Alitabasamu. Hilo analijua. Ubao wa mashine una sehemu za kuchomeka vipimo ambazo hazijachomekwa kitu, na programu ikizisoma inaokota ujinga. Ameshaona mashine inadai ina joto la 127, nyingine inadai imeganda kuliko barafu. Lakini ujinga huwa unarukaruka.

Huu haukuruka. Thelathini na saba. Sabini na mbili. Na hakuna feni duniani inayozunguka mara sabini na mbili kwa dakika. Feni inazunguka mara elfu na zaidi.

Alizima, akafungua ubavu wa sipiyu, akamulika tochi. Pale penye tundu la feni ya ziada palikuwa patupu. Hakuna waya. Hakuna kitu.

Kitu kilikuwa kwingine. Katikati ya feni na ile alumini ya kupoza prosesa kulikuwa na kifurushi cha kitambaa cheusi, kikubwa kama ngumi ya mtoto, kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Kasiani hakushtuka. Maduka mangapi yamezindikwa? Wengine wanachimbia kizingitini, wengine wanaweka kwenye boksi la pesa. Huyu ameweka kwenye njia ya hewa, ndiyo maana mashine inakabwa.

*Usikitoe.*

Sasa mwambie bingwa kama Kasiani asiguse kitu. Akakichomoa.

Kilikuwa na joto. Lakini mle kila kitu kilikuwa na joto.

Akawasha tena. Prosesa: 52. Ikatulia hapo kama imemwagiwa maji. Kasiani akavuta kiti, akanyoosha miguu, akaanza kutunga namna atakavyolisimulia jambo hili Masasi, aongeze chumvi wapi.

Jicho likaangukia mstari wa mwisho.

36.

35.

Ile sabini na mbili ikawa sitini. Ikawa hamsini na nne.

Na chini ya mkeka...

Tak.

Kasiani akakunja miguu.

Tak. Tak. Tak.

Alijua mlio huo. Si panya. Ni kucha kwenye zege, taratibu, kama kidole kinachogonga kibonye. Akahesabu bila kutaka. Tano. Sita. Saba.

Kimya.

Halafu tena. Saba.

Ndipo ile harufu ikapanda kutoka sakafuni. Mbichi. Ya ubaridi. Harufu ya mgomba uliokatwa sasa hivi. Na Kasiani akaliona shati lake jeupe kama limetundikwa mbele yake. Utomvu wa mgomba unaacha doa la kahawia. Haling'oki.

Huku kila mtu analijua neno ndondocha, ila jioni halitamkwi. Ni mtu anayelaliwa matanga na bado hajafa. Kaburini unashushwa mgomba umevishwa sanda, mwenyewe anafichwa mahali, hana sauti, hana akili ya kukataa, anafanya kazi ya aliyemchukua.

34. Arobaini na sita.

Akiendelea kukishika kile kifurushi, Yunusi anakufa. Akikirudisha, Yunusi anabaki huko aliko, anachapa.

"Rudisha, shemeji."

Kibibi alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha nyuma. Hakuinua sauti.

"Yunusi yuko wapi?" Kasiani alinong'ona.

"Si ulimbeba wewe mwenyewe?"

"Nilibeba nini?"

Kibibi alikitazama kioo cha kompyuta kama mtu anayetazama maziwa jikoni. "Wewe uliza tu. Namba zinashuka."

Thelathini na tisa. Chini ya mkeka kule kugonga kulikuwa kumelegea. Tak. Kimya kirefu. Tak.

"Akifa sasa," alisema Kibibi, "atakuwa amekufa mkononi mwako. Mimi sitakuwemo."

Ishirini na nane.

Kasiani alikirudisha. Kwa huruma au kwa uoga, mpaka leo hajui. Mkono ulikwenda wenyewe. Akakichomeka palepale. Namba zikasimama, zikafikiri, zikaanza kupanda. 35. 36. 37. Sabini na mbili. Chini pakanyamaza.

Prosesa nayo ikapanda. 70. 81.

"Hicho ndicho nilichokuitia," alisema Kibibi, na safari hii alisogea karibu. "Kitu changu kibaki ndani, na mashine isizime. Unaweza, au nimwite fundi mwingine?"

Msikilize mwanamke huyu. Alijua pa kugusa.

Kasiani alifanya kazi. Alikata bati la kopo la maziwa ya unga, akakunja kijirafu, akakifunga pembeni, mbali na alumini, akakiweka kifurushi juu yake. Akatoboa tundu ubavuni, akaongeza feni ya pili kutoka kwenye mkoba wake. Kazi safi, hajawahi kufanya safi kama hiyo. Prosesa ikakaa 49 na haikusogea tena. Magharibi ilipita, isha ikapita, mashine inanguruma tu.

Mstari wa mwisho ukasoma tisini. Ukasoma mia na nne. Mia na ishirini, kama moyo wa mtu anayelima mlimani.

Hapo Kasiani akaelewa. Kule kuzima kwa kila magharibi ndiko kulikokuwa kupumzika kwa Yunusi.

"Weka na kijirafu kingine," alisema Kibibi, akionyesha pale pembeni.

"Cha kuweka nini?"

"Kiwepo tu."

Akaweka. Akafunga sipiyu, akakusanya bisibisi zake, akalala gesti na taa ikiwaka, na basi la kwanza likamkuta stendi.

Masasi hakusimulia. Fikiria, Kasiani, asisimulie. Alimwambia Esther nusu. Alimuuliza fundi mwenzake, Benjamini, kwa mzunguko tu, habari ya mistari isiyo na jina. Benjamini akacheka. "Mzee, si wewe uliyenifundisha? Kipimo hakijachomekwa, kinaokota chochote. Ukikiamini utakonda." Kweli, alimfundisha yeye. Na mjini Newala visima vikavu ni vingi, na panya wanaingia, na mjane anaweza kuajiri mpiga chapa asitake watu wajue.

Siku ya sita alifungua kompyuta yake mwenyewe ili apime joto la diski ya mteja. Mistari ikajipanga. Prosesa, diski, feni.

Chini yake, mmoja usio na jina.

37. Themanini na moja.

Mwezi uliopita mstari huo haukuwepo. Kasiani aliweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, akaitazama saa ya ukutani, akahesabu dakika nzima. Themanini na moja. Akasimama, akarukaruka pale dukani kama mtoto, mteja anamshangaa. Akatazama. Mia na nne.

Alifungua sipiyu yake. Alitoa kila kitu, mpaka skrubu ya mwisho. Vumbi, na yai la mjusi. Kifurushi hakikuwemo.

Kisha akakikumbuka kile kijirafu cha pili. Alikikunja kwa mikono yake mwenyewe.

Asubuhi yake Esther alimletea chai kitandani, maana hakuwa ametoka.

"Unaonaje, Baba Oliva?"

"Kichwa tu," alisema Kasiani. "Kinauma kidogo."

Esther aliiweka chai chini. Akasimama aende kuita gari la hospitali, Kasiani akamshika mkono.

"Likitokea lolote, usikubali wanizike leoleo. Mlifungue jeneza kwanza, mnitazame. Na upande wa miguu abebe mtu anayeujua uzito wangu."