Mtoto wa Watu

Alhamisi ile Mama Kahawa aliamka na uso mkunjufu. Ninajua kwa sababu mimi ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na nilimsikia akimtania mumewe kuhusu faneli. Walikuwa jikoni wakihamisha vinywaji. Juisi ya embe, ya ukwaju, ya tangawizi, zote zilikuwa zinatoka kwenye chupa za kioo na kumiminwa kwenye chupa za plastiki, kwa sababu tamasha la muziki walilokuwa wanakwenda, lile la siku tatu ambalo watu hulala kwenye mahema uwanjani, limepiga marufuku kioo cha aina yoyote. Mumewe, Fundi, ambaye kazi yake hasa ni kutengeneza friji, alikuwa anamwaga nusu sakafuni.

"Wewe nawe!" Mama Kahawa akamwambia. "Friji za watu unaziba, faneli inakushinda?"

Akacheka mpaka na sisi wa upande wa pili tukacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu amzike binti yake.

Binti huyo tulimwita Chiriku, kwa maneno mengi aliyokuwa nayo. Hawakuwa na mtoto mwingine. Alifia kwenye tamasha hilohilo miaka miwili nyuma, alfajiri, akienda peku kuchota maji ya kahawa. Alikanyaga chupa iliyovunjika, akaanguka juu ya vipande vyake, na kimoja kikamkata mshipa wa paja. Machela ilipofika, alikuwa ameshakata roho. Baada ya hapo ndipo waandaaji wakakataza kioo, na kila mtu akasema wamefanya la maana.

Lakini chupa ilikuwa ya nani? Siri ya mtungi aijuaye kata. Mama Kahawa aliona kwenye nyasi kipande chenye karatasi aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe: Tangawizi. Akakiokota na kukitia mfukoni kabla Fundi hajafika. Hakumwambia mumewe, hakumwambia mtu. Wateja wa kibandani kwake walipouliza kwa nini kioo kimekatazwa, alikuwa na jibu lake tayari: "Kuna mtoto wa watu aliumia." Alilisema mara nyingi mpaka likawa jepesi mdomoni.

Kuna neno jingine alilokuwa ameliacha. Zamani kila kijana aliyenunua kahawa kwake alikuwa "mwanangu". Karibu mwanangu, shika mwanangu, utaungua mwanangu. Baada ya mazishi akawa anasema "mteja".

Mwaka jana hawakwenda tamashani. Mwaka huu alikubali kwa sababu moja tu: afike pale mwanawe alipoanguka, amwombe msamaha. Mengine yote, kahawa na juisi, yalikuwa kisingizio.

Getini, mkaguzi wa kike aliyevaa kizibao cha kung'aa alipekua kila kreti. Akafika kwenye zile themosi mbili kubwa za kuwekea kahawa ya moto.

"Na hizi?"

"Chupa za chai."

"Chupa ni chupa, mama."

"Ni jina tu, dada. Bati hili."

Mkaguzi akaigonga moja kwa ukucha, akaitikisa karibu na sikio la Mama Kahawa. "Ndani ni kioo. Ikianguka ni yaleyale."

Miaka yote aliyozibeba, hakuwahi kulifikiria hilo. Fundi akazirudisha kwenye gari, na ikabidi waamue kwamba kahawa itachemshwa upya kila asubuhi.

Ijumaa, kabla jua halijatoka, Fundi alivaa buti akaenda bombani na madumu mawili. Hakutaka mwingine aende. Mama Kahawa alibaki ndani ya hema, amefunga zipu kwa sababu ya ukungu, anawasha jiko la gesi na kupanga vikombe vya karatasi. Nje vijana walikuwa wanakohoa na kutafuta viatu.

"Hodi."

Sauti ya kike, nzito kwa usingizi.

"Karibu, mwanangu."

Lilimtoka tu. Mkono wake ukasimama juu ya sufuria. Halafu akajiambia ni mazoea, akaendelea na kazi. Hakusikia zipu ikifunguliwa.

Mgeni alikuwa ameshakaa kwenye kreti.

Alijifunika blanketi kichwani, kama wafanyavyo waliolala kwenye baridi. Alinuka majani mabichi.

"Kahawa?" Mama Kahawa akauliza, macho yakiwa kwenye jiko.

"Tangawizi. Ile ya kwenye chupa."

"Chupa zimekatazwa."

"Kwa nini?"

"Kuna aliyeumia."

"Nani?"

"Mtoto wa watu."

Jiko likazima. Vikohozi vya nje vikakoma.

Mama Kahawa akainama kutafuta kiberiti, ndipo akaona miguu. Ilikuwa peku. Wayo wa kulia ulikuwa umepasuka katikati. Haukutoka damu. Kidole cha pili kilikuwa kirefu kuliko gumba. Kama cha Fundi.

"Chiriku?" akanong'ona.

Mgeni alinyoosha mkono, akamshika kiganja. Akakibana. Baridi ile ilimpanda hadi begani. Kitu kikamchoma, mara moja, kama sindano.

"Basi," sauti ikasema polepole. "Acha nirudi kwa watu."

Kreti ikabaki tupu.

Mama Kahawa aliirarua zipu akatoka. "Mwanangu!" akapiga kelele. "Mwanangu!"

Vijana waliokuwa kwenye ukungu na miswaki yao wakageuka wote.

"Abee, mama!"

"Naam, mama!"

Nyuso ishirini, thelathini, zenye heshima zote, zikamtazama. Alizipitia moja moja. Alishika mashavu ya wasichana wasiomjua, akageuza mabega ya waliompa mgongo. Wake hakuwamo. Akakaa chini kwenye tope akalia kwa sauti, kilio ambacho siku ya mazishi alikizuia.

Fundi alimkuta hapo. Akayatupa madumu.

"Chupa ilikuwa yetu," Mama Kahawa akamwambia. "Ya tangawizi. Niliiuza mimi. Na sasa hivi amekuja, nikamkana mbele ya uso wake."

Fundi akakaa kwenye tope kando yake.

"Mke wangu," akasema, "mzigo wote huo, ukaubeba peke yako?"

Vinywaji havikuuzwa. Walirudi siku hiyohiyo, na wiki nzima Mama Kahawa alilalamikia kiganja. Hospitali wakampiga eksirei. Daktari akaitazama picha, akaukunjua mkono, akaugeuza, akaitazama tena picha.

"Kuna kipande cha kioo humu, kikubwa kama ukucha. Kiliingia lini?"

Ngozi ilikuwa nzima. Hapakuwa na kovu, hata mkwaruzo.

"Tukitoe?"

"Hapana," akajibu, na Fundi hakubishana naye.

Juzi aliniita kwake akanionyesha picha mbili. Ya kwanza ni ile ya kiganja. Ya pili imepigwa mwezi huu, na ilibidi niitazame mara mbili, kwa sababu ile alama nyeupe haikuwa kiganjani tena. Ilikuwa juu ya kiwiko. Madaktari wanasema kioo hakitembei namna hiyo, na wanamsihi wakitoe kabla hakijafika kifuani. Nikamuuliza kama haogopi.

Alizikunja picha taratibu.

"Mwache, jirani," akasema. "Njia anaijua."