Majina Kwenye Kitako

Mwaka 2004, rafiki yangu Alfayo Kibet alikwenda mtaa wa Sparkhill, huko ughaibuni alikoishi, kwa Hillow, mkusanyaji wa bunduki kuukuu za vita. Fiona, binti wa Alfayo, alikuwa mahututi hospitalini. Mama mzazi wa Alfayo alikuwa amepiga simu kutoka Kericho: msichana hatapona mpaka ipatikane bunduki ya babu yake, yaani baba wa Alfayo, aliyepotelea vitani Burma.

“Namba ya bunduki ni ileile uliyonipa, Mzee Alfayo,” Hillow alisema walipofika ghala la chini. “Ilikuwa imefunikwa grisi tangu vita.”

Alfayo alipangusa kitako cha bunduki, sehemu ya mbao inayokaa begani. Askari wa zamani walikuwa wamechonga hapo majina ya wenzao waliokufa: KIPTOO, MUTISO, OKELO. Chini ya majina hayo palikuwa na FION.

“Umechonga wewe?”

“Wallahi, hata jina la binti yako silijui!”

Taa ikazimika. Gizani kisu kikaanza kukwaruza mti polepole. Alfayo akayafunika maandishi kwa kiganja.

“Baba, mwache Fiona! Nichukue mimi!”

Mkwaruzo uliendelea chini ya kiganja chake, kisha ukakoma. Taa ilipowaka, aliinua mkono. Kiganja kilijaa unga mpya wa mbao, na kwenye kitako palikuwa na herufi A mpya, isijulikane kama imemaliza jina la Fiona au imeanza la Alfayo.