Utalala Tukifika Chini

Jiwe liliporomoka kutoka ukingoni, likagonga pua ya basi na kupasua rejeta. Mvuke ukafumka, injini ikazimika. Mvua ya mawe ikaanza kutwanga bati juu ya vichwa vya abiria kumi na moja.

"Msihofu," alisema mwongoza watalii. "Mji uko kilomita ishirini tu juu. Gari jingine litatufuata. Tusubiri."

Simu hazikushika mtandao. Miongoni mwa abiria, mshonaji mmoja mtu mzima hakumsikiliza sana mwongoza watalii; alikuwa akimtazama mdogo wake wa kike, aliyeketi kando yake. Miaka arobaini alishona sare za shule, jicho lake likazoea kumpima mtu kabla futi haijamgusa. Akaona midomo imekuwa rangi ya jivu, na vidole vinatafuta kifungo mahali pasipo na kifungo.

"Kichwa kinauma?"

"Kinapasuka, Dada." Mdogo wake akainama, akatapika katikati ya viatu vyake.

Safari hiyo waliiandaa wiki mbili nzima, juu ya meza ya kukatia vitambaa. Sweta, glavu, chupa mbili za chai, glukosi, na kofia mbili alizozishona kwa blanketi kuukuu. Mwanawe alisimama mlangoni akicheka: "Mama, unakwenda kutalii au unahama? Watu wa umri wako wanatulia."

"Nitatulia nikizikwa," alimjibu, akaendelea kukunja.

Lakini kitu alichokichunga kuliko vyote ni karatasi ya daktari kuhusu hewa nyembamba ya milimani: pandeni polepole, laleni siku mbili mji wa katikati ya njia, na mtu akianza kuchanganyikiwa, mteremsheni mara moja. Siku hizo mbili mwongoza watalii alizifuta ili kufidia muda uliopotea. Mshonaji alipopinga, aliambiwa yeye ni fundi cherehani, si daktari.

Sasa akasimama. "Sisi tunashuka."

"Mama, kushuka wapi? Mji uko juu!"

"Mji uko juu na uhai uko chini. Tumepita kambi ya watengeneza barabara, kilomita sita nyuma. Nilihesabu."

"Mimi ndiye ninayeongoza hapa!"

"Waongoze hawa waliokaa."

Dereva, mtu mzito asiyesema mengi, akavaa koti lake. "Mama, ule upande wake mwingine nitaushika mimi."

Mshonaji alikata mikanda ya begi kubwa kwa mkasi, akamfunga nayo mdogo wake kiunoni ili wapate pa kumshikia, akamvalisha kofia zote mbili. Nguo nyingine aliwaachia abiria. Saa nane mchana wakatoka.

Mawe ya barafu yaliwachapa mashavu. Barabara ilikuwa imeoza kwa maji, na kila hatua kumi mdogo wake aliyumba kama mlevi. Walimnywesha chai kwa matone. Kilomita ya pili ukingo ulikuwa umemeguka. Ikabidi waketi kwenye kokoto na kuteleza kwa makalio, mmoja mmoja, dereva akiwa wa kwanza ili awadake. Goti la mshonaji lilichanika. Alilitazama kama anavyotazama mshono mbaya, akalifunga kwa mkono wa blauzi, akainuka.

"Dada, niache nilale kidogo."

"Utalala tukifika chini."

"Kidogo tu."

"Hata nukta! Mama alikukabidhi kwangu ukiwa huna meno. Sikukulea nikuache njiani kama mzigo uliokosa mwenyewe. Tembea!"

Mdogo wake akalia, lakini alilia akitembea. Walipofika kilomita ya nne hewa ikawa nzito kidogo, kifua kikafunguka. Ya tano aliuliza, "Hivi viatu vyangu vina matapishi?" Mshonaji akacheka mpaka akakohoa, maana mtu anayeona aibu amekwisha kurudi kwenye akili zake.

Kabla jua halijazama waliyaona mapaa ya kambi. Tabibu wa pale alimvalisha mgonjwa barakoa ya oksijeni, kisha akageuka. "Mngesubiri huko juu, sasa hivi tungekuwa tunazungumza mengine." Dereva akawaita watengeneza barabara, wakapanda na magari yao, wakajaza pale palipomeguka, wakawachukua waliobaki. Wote walipatikana hai, wawili wakiwa hoi.

Siku ya tatu mwongoza watalii alikuja, macho chini. "Gari la kuwarudisha nyumbani liko tayari."

Mshonaji alifungua kinywa, lakini mdogo wake akamtangulia. Huyu alikuwa karani wa shule maisha yake yote, mtu wa kukimbilia kengele na kuomba ruhusa hata ya kupiga chafya. "Hatujaja kuona kambi," alisema.

Tabibu alitoa masharti yake: siku tisa mji wa katikati, apimwe kila asubuhi, na dalili ikirudi, safari imekufa. Haikurudi. Wakapanda kituo kwa kituo, wakilala kila kituo, wakapitwa na kila basi.

Mji ulikuwa kama ulivyosemwa: nyumba zimebandikwa kwenye mwamba, mawingu yakipita chini ya madirisha. Ngazi za mawe zilielekea kwenye ngome. Mwongoza watalii alikuwa amekwisha kufika kileleni, akipunga mkono.

"Haraka, mama zangu! Lango linafungwa!"

Mdogo wake akatandaza koti kwenye ngazi ya arobaini, akaketi, akamvuta mshonaji aketi naye.

"Lifungwe tu," alisema, akivuta pumzi kwa raha yake. "Kesho litafunguliwa."