Risper Akataa Plasta

Asubuhi hiyo Risper alikuwa akipiga pasi sare za watoto. Mara akasikia harufu ya plastiki inayoungua. Soketi ilikuwa imegeuka nyeusi, na ukuta ulikuwa moto. Alikimbia akazima swichi kubwa.

Soketi hiyo ilifungwa na shemeji yake, Dishon. Dishon huyo huyo ndiye aliyepitisha waya katika nyumba yao mpya, iliyojengwa ng'ambo ya ua, hapo Uriri. Waya wa nyumba zote mbili ulitoka katika roli moja. Na sasa mafundi wa plasta walikuwa wakichanganya mchanga na saruji. Wakimaliza, waya ungefunikwa, na watoto wangelala kando ya ukuta huo.

Risper alivuka ua, akaikalia mifuko ya saruji.

"Leo hakuna plasta," alisema.

Mafundi walicheka. Dishon hakucheka.

"Nyar Ndhiwa, toka hapo!" alifoka. Walimwita hivyo kwa sababu yeye ni binti wa Ndhiwa.

"Waya wako umetaka kuniunguza, shem. Hapa siutaki."

"Hiyo ni shaba! Si uliona ni nyekundu?"

Oliver, mume wa Risper, alikuna kichwa. Kwao, ndugu akiwa fundi, yeye ndiye hupewa kazi ya nyumba ya ndugu yake. Kumleta fundi wa nje aikague ni kama kumtukana. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kuutazama waya wa Dishon kwa karibu.

"Mama watoto, waache wafanye kazi," Oliver alisema. "Huyu ni ndugu yangu."

"Na wale ni watoto wako. Niitie Metrine. Mimi sibanduki."

Metrine ni jirani yao, fundi wa stima mwenye leseni. Alipofika, alikata kipande cha waya, akamenya plastiki, akakwaruza kwa kisu. Wekundu ulitoka. Ndani kulikuwa kweupe.

"Hii ni alumini imepakwa shaba juu," alisema. "Ni ndugu ya sufuria."

"Lakini hata waya wa nguzo za barabarani ni alumini," Dishon alibisha.

"Ni kweli. Lakini ule ni mnene, na una viungio vyake maalumu. Huu ni mwembamba. Alumini ikiwa na unene sawa na shaba, hubeba stima kidogo. Ukiilazimisha, inapata moto. Kila ikipata moto inatanuka, ikipoa inanywea. Mwishowe inalegea kwenye skrubu ya soketi. Na ukiisokota pamoja na shaba, unyevu unakula pale mlipounga. Moto unaanza hapo, ndani ya ukuta, na hamuuoni."

Dishon aliinama.

"Umeniaibisha mbele ya watu," alimwambia Risper.

"Heri uaibike, shem. Aibu haichomi nyumba."

Oliver alivuta pumzi, kisha akawageukia mafundi. "Pumzikeni," alisema. "Waya unatoka kwanza."

Risper na Dishon walikwenda dukani pamoja kununua waya mpya. Mwenye duka alitoa roli iliyong'aa.

"Kata kidogo, ukwaruze," Risper alisema.

"Mama, kwani huniamini?"

"Rangi siiamini. Kwaruza!"

Ndani kulikuwa kweupe. Mwenye duka alinung'unika, akatoa nyingine. Hiyo ilikuwa nyekundu mpaka katikati, na ilikuwa nzito mkononi. Wakaichukua.

Metrine na Dishon waliung'oa waya wa zamani katika nyumba zote mbili, wakafunga mpya. Metrine alipima kila soketi. Ndipo mafundi wakapiga plasta.

Familia ilipohamia, Risper alipiga pasi rundo la nguo. Kisha alimwita Dishon aguse ukuta kando ya soketi. Dishon aliweka kiganja, akakiacha pale kwa muda. Ukuta ulikuwa baridi.

"Nyar Ndhiwa," alisema, "wewe ni mkaidi kweli."

"Mkaidi, ndiyo," Risper alijibu. "Na watoto wetu wako hai."